Mzee hapiti tena mlango wa chumba cha kulia tangu sakafu ibadilishwe. Ni ugonjwa au ni nyumba?

#1 ZamuYaUsiku
Wakuu, salaam. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku katikati ya Uingereza, mwaka wa nne sasa, upande wa wenye ugonjwa wa kusahau, demenshia. Kuna jambo linaninyima usingizi hata siku nisizo zamu.

Januari tulifanyiwa ukarabati. Mazulia yaling'olewa, ikawekwa sakafu ya plastiki ya kijivu, inang'aa, rahisi kupigwa deki. Pale korido inapokutana na chumba cha kulia wakaunga kwa ukanda mweusi, upana wake kama shubiri moja. Tuna mzee mmoja, enzi zake alikuwa fundi wa reli. Zamani asubuhi alikuwa anakwenda mwenyewe kunywa chai, mkono mfukoni, anapiga mluzi. Sasa akifika kwenye ule ukanda anasimama. Anainua mguu juu kama mtu anayetaka kuvuka mtaro, anaurudisha palepale, anashika ukuta, anageuka. Ukimvuta anakukunjia ngumi. Basi tunampelekea chakula chumbani, anakula vijiko viwili vitatu anaacha. Wiki sita, kilo nne zimekwenda.

Kwenye kikao imeandikwa: "Ugonjwa unazidi, ameanza ukaidi." Mimi nimekataa. Ugonjwa gani unazidi wiki ileile mafundi wanayofungasha zana zao? Nauliza wanaofanya kazi hizi na wanaouguza wazee nyumbani: mmewahi kuona nyumba yenyewe ikimgeuza mgonjwa?

#2 MpungaWaKyela
Nakunja mkeka hapa, nasubiri wajuzi. Bibi yangu naye ndiyo anaanza.

#3 NesiMstaafu
Kaka ZamuYaUsiku, huyo mzee anaona shimo. Macho yanaweza kuwa mazima kabisa. Kilichochoka ni sehemu ya ubongo inayopima kina na umbali. Weusi katikati ya kijivu anausoma kama pengo, na sakafu inayong'aa anaisoma kama maji. Nikiwa kazini nilimwona bibi mmoja akivua viatu na kupandisha gauni mpaka magotini ili avuke ukumbi uliotoka kupigwa nta. Wenzangu walicheka. Lakini wewe ukikuta maji utafanya nini? Si utavua viatu?

Chuo Kikuu cha Stirling kule Uskoti kina kituo kinachoshughulika na demenshia tangu 1989, na jambo wanalowaambia wasanifu majengo kila siku ni hili: sakafu za vyumba vinavyopakana zikaribiane rangi, na zising'ae. Palipo na kitu unachotaka mzee akione, hapo ndipo uweke tofauti. Kiti cha choo cheupe kwenye choo cheupe hakionekani, halafu mzee akijisaidia kwenye ndoo ya takataka tunaandika "ameharibika".

Fanya hivi: tafuta kipande cha rangi ya sakafu, funika ule ukanda, kibandike pande zote kisimkwaze. Siku tatu tu. Halafu rudi hapa utuambie.

#4 TabibuWaKata
Heshima kwako NesiMstaafu, lakini tusikimbilie ukanda. Mzee mwenye demenshia akibadilika ghafla, vitu vya kwanza kuangalia viko mwilini: mkojo (UTI inawavuruga wazee kuliko tunavyodhani), choo kigumu, meno, magoti, kucha za miguu zilizoota vibaya, dawa mpya. Hawezi kukwambia "goti linauma", atakukunjia ngumi. Mkojo umepimwa? Viatu vyake ni vilevile vya zamani?

#5 ZamuYaUsiku
Kwanza ni dada hapa, si kaka 😊. Mkojo umepimwa mara mbili, safi. Choo anapata. Dawa hazijabadilika tangu Oktoba. Na bustanini anatembea vizuri, anashuka hata ile ngazi moja ya mawe bila kushikwa. Kugoma kwake ni pale mlangoni tu.

Viatu sijui. Nitaangalia.

#6 NesiMstaafu
Samahani sana mwanangu. Nilisoma "zamu ya usiku" nikaona mlinzi wa geti.

#7 MwanaWaHai
Mimi sijawahi kufika kwenye nyumba ya wazee, lakini niliuguza bibi yangu miaka sita, Machame. Chumbani kwake kulikuwa na kabati la kioo. Ugonjwa ulipokomaa akaanza kumsalimia yule mwanamke wa kiooni. Mwanzo walikuwa marafiki, akimbakizia hata ndizi kwenye sahani. Baadaye wakagombana. Bibi akasema kuna mwizi anavaa nguo zake, usiku halali, anamlinda mwizi. Kwa mganga tulikwenda, kanisani tulikwenda. Siku moja mtoto wa shangazi akatundika khanga juu ya kioo ili abadilishe nguo, akasahau kuitoa. Usiku ule bibi alilala mpaka jogoo wa pili.

Ile khanga haikuwahi kutolewa mpaka tunamzika. Kwa hiyo dada, ninakuamini.

#8 BintiMalindi
Assalaam alaykum. Nyie mnazungumza jicho, mie nitazungumza sikio.

Shangazi yangu alikuja Uingereza miaka ya sabini, akasomea uuguzi hukuhuku, Kiingereza chake kikitushinda sote. Maradhi yalipomshika kikaanza kuondoka Kiingereza. Mara nyingi lugha iliyoingia mwisho ndiyo inayotoka mwanzo. Akabaki na Kiswahili cha Unguja, tena cha utotoni. Nyumba aliyowekwa hakuna hata mtu mmoja aliyekijua. Nilipokwenda kumtazama nikaonyeshwa daftari lake: "Hupiga kelele bila sababu. Mchana kutwa anamwita rafiki yake Maggie."

Nikakaa naye. Haikupita robo saa akaanza: "Maji. Maji. Maji."

Shangazi yangu alikuwa na kiu. Miezi miwili watu wanamuuliza huyo Maggie ni nani, na yeye midomo imempasuka.

Niliandika maneno ishirini kwa herufi kubwa nikayabandika juu ya kitanda: maji, haja, baridi, pananiuma, njaa, basi. Na jambo jingine, daftari lilisema "huamka saa kumi na moja alfajiri, huhangaika chumbani". Alikuwa akitafuta pa kusali. Nikawaletea msala wake, nikawaonyesha kibla kiko wapi, wakautandika hapo. Kuhangaika kukapungua sana, ingawa hakukwisha. Jengo lilikuwa zuri mno, sakafu haing'ai, mataa ya kisasa. Haya, jengo hilo lingemsaidia nini?

#9 MsafiriWaTabora
Hiyo ya Maggie nimeisoma mara mbili, nikaweka simu chini.

#10 Mchambuzi255
Mniwie radhi, nitasema lisilopendeza. Ugonjwa huu ni wa huko kwao, wanakotupa wazazi kwenye majengo. Kwetu mzee anakaa na wajukuu, anaongea kutwa, hasahau. Hiyo nyumba ya wazee yenyewe ndiyo ugonjwa, mnabishana rangi ya sakafu bure.

#11 MwanaWaHai
Kaka Mchambuzi, hapo nakusahihisha kwa upole maana nyumbani kwetu tulipimwa. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba kwenye vijiji vya wilaya ya Hai, kwenye migomba na kahawa. Kati ya waliotimiza miaka 70 na kuendelea, asilimia 6.4 walikuwa na demenshia. Matokeo yalitoka 2013. Hata Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa hawa wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Hao hawakutupwa kwenye jengo lolote.

Tofauti ni kwamba kwetu unaitwa uzee tu, na kwingine unaitwa uchawi. Kina mama wangapi Kanda ya Ziwa wamekatwa mapanga kwa kutembea usiku na kusema maneno yasiyoeleweka? Huwa najiuliza wangapi kati yao walikuwa wagonjwa kama bibi yangu.

#12 Mchambuzi255
Takwimu nimezipokea, asante. Nafuta "kwetu hakuna". Ila hoja ya watu kumzunguka mzee siiachi.

#13 MamaWawiliTabata
Usiiache, lakini sikia na yangu. Mama alikuwa Lushoto, anasahau majina, anarudia maswali, lakini anajipikia na kuni anakata. Tukasema hawezi kukaa peke yake, tukamleta Dar, kwangu, ghorofa ya tatu. Amezungukwa na wajukuu watano. Ndani ya wiki mbili akawa hajui choo kilipo, anafungua friji akitafuta mlango wa nje, jioni analia anataka kwenda kwao kabla giza halijaingia. Tukasema ugonjwa umeruka ngazi.

Dada wa kazi, binti wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyegundua. Alimwona mama anazunguka sebuleni ameinama, mikono inapapasa chini, akaniambia: "Mama, bibi anatafuta mafiga." Akamwekea kigoda, ungo na maharage kilo moja, upande wa baraza ambako jua linaingia. Mama akakaa. Akapeta, akachambua, akaimba. Kila siku maharage ni yaleyale, jioni tunayachanganya tena na vijiti.

Sijui nimwite nani mwenye kosa. Wajukuu walikuwepo wote, upendo ulikuwepo, na bado nyumba yangu ilimpoteza.

#14 UtrechtMpakaPangani
Huo ungo wa maharage, MamaWawili, Wazungu wameujengea mji mzima. Hapa Uholanzi, mji wa Weesp karibu na Amsterdam, kuna De Hogeweyk, ilifunguliwa 2009. Ilianza na nyumba 23 na wakazi 152, wote demenshia imeshawaelemea. Wanakaa sita au saba kwa nyumba, na kila nyumba inapika jikoni kwake. Kuna duka la vyakula, mgahawa, ukumbi wa maonyesho, vijia, bustani. Mlango wa kutokea ni mmoja na una watu. Ukiwa ndani unatembea utakako, hata mvua inyeshe, ukitaka kulowa unalowa.

Na BintiMalindi, hili litakugusa. Nyumba zilipangwa kwa namna watu walivyoishi zamani, mwanzo zilikuwa namna saba. Mojawapo ilikuwa ya waliokuwa na asili au maisha ya Indonesia, koloni la zamani la Waholanzi: chakula chao, mapambo yao. Mmoja wa waanzilishi, Yvonne van Amerongen, alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya wazee ya kawaida pale pale kabla ya kubomolewa na kujengwa hii. Ufaransa nao wamefungua kijiji chao mwaka 2020, mji wa Dax.

#15 JogooLaShamba
Si ndiyo ile yenye kituo cha basi cha uongo? Nilisikia redioni.

#16 UtrechtMpakaPangani
Hapana mkuu, hicho kilianzia Ujerumani, nyumba moja ya wazee huko Düsseldorf, mtaa wa Benrath. Wazee walikuwa wanatoka kwenda "nyumbani", polisi wanawatafuta. Wakaweka nje benchi na kibao cha kituo, ila basi halipiti. Mzee anakaa kusubiri, haraka inapoa, mhudumu anakuja kukaa naye: "Basi limechelewa, twende tunywe kahawa." De Hogeweyk ni kinyume: duka lao ni duka kweli, unga ni unga.

#17 JogooLaShamba
Asante kwa kunisahihisha. Lakini hicho kituo kinanichoma. Mtu mzima, baba wa watu, umemkalisha anasubiri basi lisilokuja. Huo si uongo?

#18 MpungaWaKyela
Ni uongo. Mimi namwambia bibi ukweli siku zote.

#19 MamaWawiliTabata
Mdogo wangu, unaanza safari, sikulaumu. Mama yangu aliuliza baba yuko wapi. Nikamwambia ukweli: baba alifariki 2008. Alilia kama ndiyo kwanza anaambiwa, akajifunga kanga kiunoni, akakaa chini. Kesho yake akauliza tena. Nikamwambia tena, akalia tena vilevile. Siku ya nne nikajibu, "Baba hajarudi, hebu niambie mlikutana wapi." Akacheka, akanisimulia mpaka chakula kikaungua. Nimfishe baba mara ngapi?

#20 MpungaWaKyela
Sina jibu, dada.

#21 FundiTaa
Mimi ni fundi umeme, nimefunga taa kwenye nyumba mbili za wazee. Hakuna aliyetaja mwanga hapa na mimi naona ndiyo mchawi. Saa ya mwili inasoma mwanga kupitia jicho, na jicho la mzee limefifia, mwanga unaomtosha kijana kwake ni kiza. Ukimkalisha kwenye korido hafifu kutwa, usiku mwili haujui kama ni usiku. Ile hali ya kuhangaika jua linapozama, wenye wagonjwa wote mnaijua. Vivuli vinarefuka, dirisha likiwa giza linageuka kioo, na ndiyo yule mwizi wa #7 anaingia.

Waholanzi walijaribu kwenye nyumba 12, wakazi 189, matokeo yakachapishwa 2008. Walifunga taa za dari zenye nguvu, kama laksi 1,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), zinawaka mchana kutwa. Kuporomoka kwa akili kulipungua kwa asilimia 5, dalili za huzuni kwa asilimia 19. Siyo muujiza, lakini ni balbu tu hizo!

Dada, hiyo korido yenu taa zilibadilishwa Januari pia? Plastiki inayong'aa chini ya taa mpya inatoa mng'ao mbaya sana. Piga magoti uangalie kutoka upande anaotokea yeye.

#22 MwanaKisauni
Wadau, nimewasoma wote toka juu. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko kwa hizi kazi miaka tisa. Sakafu, taa, vioo, sawa, sikatai. Lakini mwaniambia nini kuhusu usiku ambapo tuko watu wawili kwa wazee thelathini na nne? Kengele inalia, televisheni mbili zapigana, mwenzangu asukuma toroli la magurudumu mabovu, mmoja ataka choo, mwingine ameanguka. Kelele yenyewe yatosha kumrusha mtu mwenye akili timamu. Mwenye demenshia hawezi kuichuja, yote yaingia pamoja.

Marehemu Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bradford hapa Uingereza, aliandika 1997 kuhusu mazingira ya watu, si ya kuta. Alitaja tunavyowaumiza bila kukusudia: kumharakisha mtu, kumfanya mtoto, kumzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Kumlisha mzee huku waongea na mwenzako habari za mshahara ni mazingira hayo.

Na tukishindwa twakimbilia kidonge. Ripoti iliyoandikiwa serikali ya Uingereza mwaka 2009 ilikadiria watu 180,000 wenye demenshia walikuwa wakipewa dawa za kutuliza zile za wagonjwa wa akili, na vifo vya ziada kama 1,800 kwa mwaka kwa sababu yake. Dada ZamuYaUsiku, huyo mzee wenu akiendelea kukunja ngumi, kidonge kiko njiani. Harakisha.

#23 ChaguoLaMungu
Nawasalimu. Samahani, nafasi za kazi hizo bado zipo? Nina cheti cha uuguzi.

#24 MwanaKisauni
Ndugu yangu, njia ya viza ya Uingereza kwa wahudumu wa wazee kutoka nje imefungwa kwa waombaji wapya tangu Julai 2025. Usitoe pesa kwa wakala yeyote akuambiaye vingine. Kwa wauguzi wenye usajili ni njia nyingine. Fungua uzi wake, nitakujibu huko.

#25 JogooLaShamba
Turudi kwa mzee wetu. Mimi nilisoma kwamba sahani nyekundu zinawafanya wale zaidi, asilimia 25. Kama hali chumbani, mnunulieni sahani nyekundu.

#26 NesiMstaafu
Nusu umepatia mwanangu. Utafiti huo ni wa Boston, 2004, watu tisa tu. Kwa vyombo vya rangi nyekundu ya kukoza, chakula walichokula kiliongezeka asilimia 25 na vinywaji 84. Walipojaribu buluu ya kukoza nayo ikafanya kazi, na nyekundu iliyofifia haikufanya. Kwa hiyo siri iko kwenye tofauti kati ya sahani, chakula na meza. Viazi vya kuponda kwenye sahani nyeupe juu ya kitambaa cheupe, mzee anaona meza tupu.

#27 MsafiriWaTabora
Ugali wa sembe kwenye sahani nyeupe, nyumba ngapi za Tanzania hizo! Leo nambadilishia baba sahani.

#28 BibiKuku
Jamani na wanyama je? Singida baba yangu hamjui yeyote, lakini kuku anawahesabu. Hata wakiwa kumi na saba, mmoja akipungua anajua. Tulipowauza kwa ajili ya harusi aliugua wiki nzima.

#29 UtrechtMpakaPangani
BibiKuku, daktari mmoja Mmarekani, Bill Thomas, alifanya hivyo 1991 kwenye nyumba ya wazee ya New Berlin, jimbo la New York. Aliingiza kasuku wadogo mia moja, mbwa na paka. Wazee waliokuwa hawasemi wakaanza kuuliza ndege wao amekula nini. Warudishieni kuku baba.

#30 ZamuYaUsiku
Nimerudi, wakuu. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nafanya mliyoniagiza.

Kwanza nilipiga magoti, FundiTaa. Ni kweli. Kutoka upande wake, saa mbili asubuhi, taa mpya zinaanguka kwenye sakafu kama mstari wa maji, halafu maji yanaishia kwenye weusi. Mimi mwenyewe nilisita.

Kisha nikaomba ruhusa, tukabandika kipande cha plastiki ya kijivu juu ya ukanda. Siku ya kwanza alisimama, akakigusa kwa ncha ya kiatu, akapita! Alikula mayai mawili na mkate. Nikalia chooni. Siku ya pili akapita. Siku ya tatu akagoma palepale, kipande kipo, taa ni zilezile.

Ndipo mwenzangu wa jikoni akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: "Unakumbuka ni nani alikuwa anakwenda naye chai?" Kulikuwa na mhudumu Mfilipino, aliacha kazi Januari ileile. Mluzi ule walikuwa wanapiga wawili, mmoja anaanza, mwingine anamalizia. Nimeangalia ratiba. Siku mbili alizopita alikuwa na mimi, na mimi nilikuwa natembea nyuma yake taratibu. Siku ya tatu alikuwa na mhudumu wa muda aliyeletwa na wakala, mgeni, mwenye haraka.

Viatu pia, TabibuWaKata. Vya zamani vilipotea kwenye ukarabati. Alivyonavyo ni vya mpira mzito, vinamng'ang'ania sakafuni.

Sasa nilaumu nini?

#31 TabibuWaKata
Viatu! Nilisema.

#32 NesiMstaafu
Umesema, lakini siku mbili amepita na viatu hivyohivyo.

#33 MwanaKisauni
Na amepita na mtu aliyemjua. Mimi nabaki palepale, mtu kwanza.

#34 FundiTaa
Siku ya tatu hali ya hewa ilikuwaje? Jua la asubuhi likiingia na dirisha la chumba cha kulia, mng'ao unaongezeka mara nyingi. Chunguza hilo dada kabla hujanitoa kwenye orodha.

#35 Mchambuzi255
Wakuu, nauliza kwa nia njema: nyumba zetu za wazee za serikali, kama Nunge kule Kigamboni au Sebleni Unguja, kuna anayewaza rangi ya sakafu? Nilipita Nunge na kanisa, tukagawa sabuni na mchele, tukapiga picha tukaondoka. Sasa nikisoma hapa nakumbuka mzee mmoja alinishika mkono akaniita jina la mtu mwingine, nikamsahihisha. Natamani ningeitika.

#36 BintiMalindi
Nenda tena, baba. Nenda bila mchele, ukae tu.

#37 ZamuYaUsiku
Nimetoka zamu sasa hivi. Jua lilikuwepo, FundiTaa, nimelifungia pazia. Viatu vya ngozi vilivyotumika nimempatia kutoka kwa mwanawe. Meneja amekubali ukanda ung'olewe, fundi anakuja wiki ijayo. Na mimi nimejifunza mluzi ule kwa yule Mfilipino, nilimpigia simu akanifundisha. Sijui kupiga vizuri.

Leo asubuhi tulikwenda. Nikaanza mluzi, akageuka kuniangalia, hakumalizia. Tukafika mlangoni. Kipande kilikuwa kimebanduka upande mmoja na weusi unachungulia. Akasimama. Akanishika kiwiko kwa nguvu, akaangalia chini, halafu akaniangalia mimi, akasema polepole kama mtu anayemwonya mtoto: "Ruka."

Nikapiga hatua ndefu. Akaniona nimevuka mzima, naye akapiga yake.

#38 NesiMstaafu
Mungu akubariki mwanangu. Lakini chunga nyonga zake, na hicho kipande kibandike usiku huuhuu kabla hajakikanyaga mtu mwingine. Jumatatu akipimwa uzito utuambie.